Nguo za Sufu na Funguo za Siri: Amana Katika Programu za VPN

Swali la amana ni la kale kuliko kompyuta, na wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walilichambua kwa undani ambao wahandisi wa leo wangefaidika nao: mtu akimwekea mwenziwe mali yake, na huyo mwenziwe, badala ya kuihifadhi mwenyewe, akaipeleka kwa mtu wa tatu ambaye mwenye mali hamjui, kisha mali ikapotea mikononi mwa huyo wa tatu, ni nani wa kuulizwa? Programu za VPN zimelifufua swali hili, kwa sababu takriban kila anayezitumia huikabidhi siri yake kwa kampuni anayoijua kwa jina, ilhali kampuni hiyo huikabidhi siri hiyohiyo kwa msimbo ulioandikwa na watu ambao mtumiaji hajapata kuwasikia.

VPN ni njia ya siri inayopita ndani ya njia ya wazi. Simu au kompyuta ya mtumiaji hukifunga kila kinachotoka kwake kwa usimbaji fiche, yaani ufundi wa kuyageuza maandishi yawe mkorogo usiosomeka ila kwa mwenye ufunguo, kisha hukituma kwenye seva, ambayo ni kompyuta inayozihudumia nyingine, na seva hiyo ndiyo inayokifungua na kukipeleka kinakokwenda. Kampuni ya simu iliyoko katikati huona kwamba kuna mzigo unapita, lakini haioni kilichomo. Mashirika huitumia ili wafanyakazi walio mbali wazifikie nyaraka za ofisi. Watu binafsi wana sababu zao nyingine, na Afrika Mashariki inazijua. Serikali ya Uganda ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii tarehe 1 Julai 2018, watumiaji wengi walikimbilia VPN ili kuukwepa ushuru huo, na mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao kabla mwezi haujaisha. Mabishano ya namna hii huwa juu ya haki ya mtu kujificha. Kama huko kujificha ni kwa kweli au ni kwa kudhani tu, ni jambo ambalo huulizwa kwa nadra, na ndilo linaloshughulikiwa hapa.

Kampuni ya VPN haibuni usimbaji wake yenyewe, na ikijaribu huwa imefanya upumbavu, kwani hesabu zinazohusika ni ngumu na kosa dogo huziharibu zote. Tangu al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, aeleze jinsi maandishi ya siri yanavyoweza kufumbuliwa kwa kuhesabu ni mara ngapi kila alama inajirudia, historia ya ufundi huu imekuwa kwa sehemu kubwa historia ya watu wenye akili waliodhani wamejificha. Kwa hiyo watunga programu huchukua maktaba ya usimbaji, ambayo si jengo la vitabu bali ni mkusanyo wa msimbo uliokwisha kuandikwa, ambao programu nyingine huuita kila zinapotaka kufunga, kufungua, kuzalisha ufunguo au kuthibitisha cheti. Maarufu kuliko zote ni OpenSSL, iliyoanza mwaka 1998 na inayotolewa bure pamoja na msimbo wake, ili yeyote ausome, aubadilishe na kuutumia. OpenVPN, programu iliyotungwa na James Yonan na kutolewa mwaka 2001, kwa kawaida huitegemea maktaba hiyo kwa kazi iliyo nyeti kuliko zote, yaani zile salamu za mwanzo ambazo kwazo seva na mtumiaji huthibitishana na kukubaliana juu ya funguo.

Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro ya OpenSSL iliyopewa jina la Heartbleed, maana yake moyo unaovuja damu, ambayo iligunduliwa na Neel Mehta wa Google na vilevile, bila kushirikiana naye, na wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Finland. Ilikuwa ndani ya kipengele kidogo kinachoitwa mapigo ya moyo, ambacho kazi yake ni kuhakikisha kwamba upande wa pili wa mawasiliano bado upo: upande mmoja hutuma neno pamoja na idadi ya herufi zake, na upande wa pili hulirudisha neno lilelile. Mfano wake ni mgeni anayesimama dirishani kwa karani na kumwambia, “Andika neno ‘salama’ katika daftari lako, kisha unisomee herufi 64,000 kuanzia hapo.” Karani mwenye akili angecheka, kwa kuwa neno lenyewe lina herufi 6. OpenSSL haikuhesabu. Ililiandika neno katika kumbukumbu yake, ikaanza kusoma, na neno lilipokwisha ikaendelea kuyasoma yaliyokuwa pembeni yake, ambayo yalikuwa mali ya watu wengine: majina, nywila, vipande vya barua, na pengine ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Kila ombi liliweza kutoa hadi kilobaiti 64, maombi yaliweza kurudiwa bila kikomo, na seva kwa desturi haikuandika popote kwamba lolote limetokea.

Kinachostahili kutafakariwa zaidi ni kwamba kanuni ya kulizuia kosa hili ilikuwepo. Waraka wa kiufundi ulioweka kipengele hicho, uliochapishwa Februari 2012, uliagiza kwamba ombi lenye idadi isiyolingana na kilicholetwa litupwe kimyakimya, na mtafiti wa Ujerumani aliyeuandika msimbo alikuwa mmoja wa waandishi wa waraka huohuo. Aliijua sheria, alishiriki kuiandika, na akasahau kuitia katika msimbo. Msimamizi wa OpenSSL aliyeupitia msimbo huo naye hakuuona upungufu, ukapokelewa usiku wa tarehe 31 Desemba 2011 na kutolewa kwa umma Machi 2012, ukakaa humo miaka 2. Marekebisho yalipokuja hayakuwa zaidi ya sharti la kulinganisha namba mbili.

Wengi walidhani habari hiyo inahusu tovuti za benki na barua pepe tu. OpenVPN, hata hivyo, iliirithi kasoro pamoja na maktaba, na mwezi huohuo wa Aprili Mullvad, kampuni ya VPN ya Sweden, ilionyesha kwamba ufunguo wa siri wa seva ya OpenVPN uliweza kuchotwa kwa njia hiyo. Mwenye ufunguo huo anaweza kujifanya seva, akawapokea wateja kwa jina la mwingine na kuyasoma wanayoyatuma. Yalikuwepo mambo mawili yaliyopunguza madhara. OpenVPN huweza kuzalisha funguo za muda kwa kila kikao, kwa hiyo mwizi wa ufunguo mkuu hawezi kuyafungua kwa ufunguo huo mazungumzo ya zamani aliyoyanasa. Tena kuna kinga ya ziada, ambayo ni ufunguo wa pamoja unaodaiwa kabla seva haijajibu neno lolote. Lakini kampuni inayouza huduma kwa umma huwagawia wateja wake wote ufunguo huo mmoja, na hivyo adui alihitaji tu kujiandikisha na kulipa ada kama watu wengine. Kwa upande wa watumiaji, nakala ya OpenVPN ya Windows ilibeba OpenSSL yake ndani kwa ndani, na aliyesasisha mfumo wa kompyuta yake kisha akalala usingizi alikuwa bado na kasoro ileile. Vifaa vya VPN vya maofisini navyo havikusalimika: kampuni ya usalama ya Mandiant iliripoti kisa cha mshambulizi ambaye, kuanzia tarehe 8 Aprili, siku moja tu baada ya tangazo, alikichota kifaa cha shirika moja mara nyingi mpaka akapata vitambulisho vya vikao vilivyokuwa wazi, akaingia kana kwamba ni mfanyakazi halali, bila kuulizwa nywila wala uthibitisho wa pili.

Hapa ndipo sheria ya amana inapofaa kusomwa. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, huiita wadia mali iliyowekwa kwa mtu ili aihifadhi, na kitabu cha Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kimeipangia mlango wake. Asili ya hukumu ni kwamba mpokea amana hana dhamana, yaani halipi mali ikiibwa au ikiungua bila taksiri, ambayo ni uzembe wake. Lakini yapo mambo yanayoiondoa kinga hiyo. Mojawapo ni kuikabidhi mali kwa mtu mwingine bila idhini ya mwenyewe wala udhuru. Jingine ni kuacha kuikinga na vitu vinavyoiharibu, na hapo Nawawi anataja nguo za sufu: aliyewekewa nguo hizo anapaswa kuzianika upepeni ili wadudu wasizile. Mfano huo ni mdogo na una maana pana. Aliyezifungia sandukuni, asiziguse wala kuzitamani, huenda akajiona ameitimiza amana kwa uaminifu wa hali ya juu, na bado siku sanduku likifunguliwa na nguo zikakutwa matundu matupu, ni yeye atakayelipa. Hakuiba kitu. Aliacha tu kufanya kazi ambayo asili ya sufu inaidai.

Usimbaji una asili ya sufu. Msimbo hauozi, lakini maarifa ya wanaoushambulia huongezeka kila siku, kwa hiyo maktaba iliyokuwa salama mwezi uliopita huweza kuwa na tundu linalojulikana leo bila herufi yake hata moja kubadilika. Kampuni iliyoichukua OpenSSL, ikaitia katika programu yake na kuisahau humo, inafanana na mwenye sanduku. Wala haisaidii kujitetea kwamba haikuuza taarifa za mteja, kwani hakuna aliyeituhumu kwa wizi.

Je, kosa lilikuwa ni kule kuikabidhi siri kwa maktaba ya watu wengine? Ingekuwa hivyo, kila kampuni ya VPN duniani ingekuwa na dhamana tangu siku ya kwanza, na hukumu ya namna hiyo haina faida kwa yeyote. Kitabu hichohicho kinaleta ufafanuzi mzuri: mpokea amana anaruhusiwa kumtumia msaidizi wa kuibeba mali hadi mahali pa kuihifadhia, maadamu mkono wake mwenyewe haujaondoka juu ya mali hiyo. Kipimo kimo katika maneno hayo. Kuitumia maktaba ni kumtumia mbebaji, na si haramu wala aibu. Kuondoa mkono ni jambo lingine, nako huonekana kwa alama zilizo wazi: kampuni isiyojua ni toleo gani la maktaba liko ndani ya programu yake, isiyofuatilia matangazo ya kasoro, isiyo na njia ya kuwafikishia wateja sasisho kwa haraka, na ambayo haijamlipa hata siku moja mtu wa kuukagua msimbo inaoutegemea, imekwisha kuondoa mkono.

Huenda ikasemwa kwamba lawama iwaendee waandishi wa maktaba, kwa kuwa kosa ni lao. Hoja hii inasahau kwamba hawakuipokea amana hata kidogo. Leseni ya OpenSSL ilisema wazi kwamba msimbo unatolewa kama ulivyo, bila dhamana ya aina yoyote, na aliyeuchukua aliuchukua akiwa amekwisha kuambiwa. Hali yao ni ya watu waliochimba kisima na kukiweka wakfu kwa wapita njia. Mwenye kuyateka maji hayo, akayatia katika chupa na kuyauza mjini kwa jina lake, hawezi kuwashitaki wachimba kisima pindi wanunuzi wakiumwa matumbo, maana kuyachemsha kulikuwa juu yake. Tena wakfu wenyewe, kwa utaratibu uliozoeleka, mapato yake huanzia kwenye ukarabati kabla ya jambo jingine, na kisima hiki hakikuwa na mapato ya maana: kabla ya mwaka 2014 taasisi iliyokuwa ikiisimamia OpenSSL ilipata takriban dola 2,000 kwa mwaka za michango, na mradi wote, wenye mistari ya msimbo inayokaribia nusu milioni, ulikuwa na mtu mmoja tu anayeufanyia kazi muda wote. Thamani ya biashara zilizokuwa zikikitegemea kisima hicho haina haja ya kutajwa.

Mwanazuoni al-Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, aligusa ugonjwa wa namna hii alipozungumzia fardhi kifaya, yaani wajibu ambao watu kadhaa wakiutekeleza huwaondokea wengine, na wasipoutekeleza hata mmoja dhambi huwa juu ya jamii nzima, kama ilivyo kumzika maiti. Alilalamika kwamba miji mingi haikuwa na tabibu Mwislamu, ingawa utabibu ni fardhi kifaya, ilhali wanafunzi walijazana katika fikihi na mabishano yake, ambako hawakupungua watu. Kukagua maktaba ya usimbaji ni utabibu wa aina hiyo. Wapenda programu huria walikuwa wakijivunia kwamba msimbo ulio wazi husomwa na macho mengi, na kwamba mbele ya macho mengi kosa halijifichi. Lakini ruhusa ya kusoma si kusoma. Katika ile miaka 2 ya Heartbleed, kila mmoja alidhani kwamba mwingine amekwisha kuusoma. Fardhi kifaya hufa namna hiyo, kwa dhana njema ya kila mtu juu ya jirani yake. Tarehe 24 Aprili 2014 makampuni makubwa, yakiwemo Google, Facebook na Microsoft, yaliahidi kutoa kila moja angalau dola 100,000 kwa mwaka kwa miaka 3 chini ya Linux Foundation. Ilikuwa hatua ya haki, iliyochukuliwa baada ya maiti kuanza kunuka.

Si kila kasoro hutokana na kisima kuachwa. Wanazuoni wa hadithi, walipowapima wapokezi wa isnadi, yaani mlolongo wa watu waliosimuliana hadithi, walitofautisha mambo mawili: uadilifu, ambao ni ukweli na ucha Mungu wa mpokezi, na dhabti, ambayo ni uimara wake katika kuhifadhi na kunukuu. Mcha Mungu mwenye hifadhi mbovu hadithi yake ni dhaifu. Kisa cha Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ni cha dhabti: mwaka 2006 mtunzaji mmoja mwaminifu aliondoa msimbo mchache katika nakala ya OpenSSL ya mfumo huo kwa sababu chombo cha ukaguzi kiliulalamikia, naye aliuliza kwanza na hakukatazwa, kumbe msimbo huo ndio uliokuwa ukitia unasibu, yaani ile hali ya kutokisiwa inayoupa ufunguo nguvu yake. Kwa kila aina ya ufunguo zikabaki njia 32,768 tu, orodha ambayo kompyuta huimaliza upesi, na mpaka ilipotangazwa tarehe 13 Mei 2008 funguo za OpenVPN zilizozalishwa katika mashine hizo zilikuwa kama kufuli lenye ufunguo uliotundikwa mlangoni. Kisa cha Juniper kinahusu uadilifu. Tarehe 17 Desemba 2015 kampuni hiyo ya Marekani ilitangaza kwamba imekuta ndani ya mfumo wa vifaa vyake vya kulinda mitandao msimbo usioidhinishwa, ulioweza kumwezesha aliyeuweka kuyafungua mawasiliano ya VPN. Uliingilia kizalisha namba nasibu ambacho wataalamu walikuwa wameonya tangu 2007 kwamba anayechagua namba zake za msingi anaweza kuwa na ufunguo wa akiba. Hiyo ni hiana, na hiana ina hukumu nyepesi kutamka kuliko uzembe, kwa kuwa hakuna anayeitetea.

Mtumiaji wa kawaida katika haya yote ni mfuasi, na hakuna sheria ya haki inayomtaka mfuasi awe mujtahidi, yaani mwanazuoni anayejitafutia hukumu mwenyewe. Hawezi kuusoma msimbo. Anachoweza ni kuuliza kama kampuni huwa inautangazia umma ukaguzi wa programu yake, na sasisho la mwisho lilitoka lini. Jibu la kukwepa nalo ni jibu. Wengine wamejaribu kuupunguza mzigo kwa kupunguza msimbo wenyewe: WireGuard, programu nyingine ya VPN iliyoingizwa katika kiini cha Linux toleo la 5.6 mwezi Machi 2020, haiitegemei OpenSSL na ina mistari ipatayo 4,000, kiasi ambacho mtaalamu mmoja anaweza kukisoma chote na kubaki na nguvu. Hilo haliondoi haja ya kuanika nguo, ila nguo zimekuwa chache.

Linabaki suala la kiapo. Katika wadia, mpokea amana anapodai kwamba mali imepotea bila kosa lake, neno lake hukubaliwa pamoja na kiapo, kwa kuwa alikwisha kuaminiwa. Heartbleed iliwaweka wenye kampuni mahali ambapo mpokea amana wa zamani hakuwahi kusimama: kwa kuwa wizi wake haukuacha alama, hawakuweza kuapa kwamba siri imepotea, wala kwamba bado ipo. Baadhi yao, mwezi ule wa Aprili, walizihesabu funguo zao zote kuwa zimekwisha kuibwa, wakabatilisha vyeti, wakazalisha vingine na kuwaambia wateja wapakue programu upya, kwa gharama yao na bila kungoja ushahidi. Hao waliitekeleza amana. Waliosema tu kwamba hawana ushahidi wa kuvuja kwa siri yoyote walisema kweli, lakini kauli hiyo haina uzito wa kiapo, na dhamana imebaki juu yao.